Rasta

Pale kliniki ya meno, ghorofa ya kwanza, Moshi mjini,
Daktari Lyatuu aliweka tangi la kioo
ili wagonjwa watazame samaki, wasisikie mashine.
Mimi nilikuwa wa fagio na dekio.
Ijumaa, wakishaondoka wote, nilikunja mikono,
nikasugua kioo kwa sponji,
nikaupunguza mmea kwa mkasi wa bandeji.
Aliununua Arusha, mche mmoja kwa bei ya kuku,
umefungwa kwenye nailoni kama juisi ya ukwaju.
Laini kuliko nywele za mtoto mchanga.
Alipoona hauchoki kukua alicheka:
"Huyu, Aikande, hana jino bovu hata moja."

Alipofariki, wanawe walikuja na karatasi.
Mmoja kiti, mmoja mashine ya picha.
Tangi waligombania. Kilichokuwa ndani hawakukitaka.
"Mwaga," waliniambia,
kama mtu anayesema karibu chai.

Nilibeba ndoo ya rangi hadi Mabogini, imefunikwa kwa kanga.
Samaki walikaa siku tatu.
Mmea, wiki mbili uani, bila taa,
bila ile mashine ya mapovu,
ukaanza kuchungulia nje ya ndoo.
Jalalani sikuweza. Nani hutupa
kitu cha marehemu ambacho bado kinapumua?
Nikaupeleka mferejini, jioni, pasipo mtu,
nikainama kama ninayebatiza:
nenda, maji ni mengi.

Hayo ndiyo maneno yangu. Nenda, maji ni mengi.

Masika mawili tu.
Sasa watoto wanauita rasta,
maana umesukwa chini ya maji, pakiti kwa pakiti,
kutoka nyuma ya nyumba yangu hadi majaruba ya Chekereni.
Lango la maji halifungi.
Lango la maji halifunguki pia.
Mpunga wa juu umelewa, wa chini una kiu,
zamu za usiku zimezaa ngumi,
na Temba, mwenye ufunguo wa lango,
anatembea na plasta sikioni.

Leo msaragambo. Kila nyumba mtu mmoja,
asiyekuja, debe la mpunga.
Tumeingia hadi mapajani, na reki, na mapanga.
Ukiukata, umeupanda:
kipande kinachotuponyoka kinakwenda na maji,
kinashika mbele huko, kinatoa mzizi
mweupe kama uzi wa kushonea fizi.
Nakata. Nakiona kinakwenda. Nakata.

Temba akasimama ukingoni:
"Aliyetuletea laana hii ajitokeze!"
Wakataja kiwanda. Wakataja wageni wapanda mlima,
wakataja bata wa porini, na mtoto wa diwani
ambaye hutajwa kwa kila kitu.
Nikasema, "Ni mimi."

Kwanza hakuna aliyesogeza reki.
Kisha kicheko, ukingo huu hadi ule.
"Aikande! Wewe na dekio lako,
ungepata wapi pesa ya kununua jani?"
Nikacheka nao. Mungu anisamehe, nilicheka,
na kicheko kiliingia polepole kama ganzi,
kwanza ulimi, halafu shavu lote.

Usiku, nikianika kanga, nikaona kipande
kimejishikiza kwenye pindo,
urefu wa kidole gumba, kibichi, hakina haraka.
Nikakiweka juu ya kaa la moto.
Hakikulia. Kilitoa mvuke kidogo,
na harufu ambayo ningeapa
ni ya chumba kile: karafuu na dawa.
Nikahesabu kwa sauti: kimoja.